Nguo za Mtu wa Hazina: Tangu Doti Hadi Mtumba

Mhariri amenitaka niandike juu ya historia ya kazi za fedha katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo. Nimekubali, lakini nimeomba ruhusa niingie kwa mlango wa nguo. Kila mwaka vijana waliotoka shule za huku milimani humaliza vyuo na kuitwa kazini: huyu benki, yule idara ya fedha ya halmashauri, mwingine chama cha akiba na mikopo. Hao wakija kwetu sisi tuliotangulia hawaulizi habari za mizania wala za daftari la fedha taslimu. Hayo wamefundishwa, na pengine wanayajua kutuzidi. Wanauliza: "Kaka, nivae nini, na nitapata wapi fedha ya kununulia kabla sijapokea mshahara wa kwanza?"

Wapo wenzangu wanaolicheka swali hilo na kuliona la ulimbwende. Mimi silicheki. Katika sehemu hizi mavazi ya mtu anayeshika fedha za wenzake yamesomwa kama daftari la hesabu tangu zamani za babu zetu. Akivaa vibaya, watu husema: huyu ana njaa, atatuibia. Akivaa vizuri mno, husema: huyu amekwisha kutuibia. Karani wa Buha ametakiwa kupita katikati ya maneno hayo mawili, na njia yenyewe imekuwa ikipanuka na kusinyaa kwa kufuata mambo ya serikali, ya vita, ya viwanda, na hata ya nchi za ng'ambo ambazo hakupata kuziona.

Tuanze na ajabu moja. Huku kwetu nguo ya dukani ilikuwa fedha kabla haijawa vazi la kila mtu. Wahenga wetu walijifunika ngozi na nguo za magome ya miti, magome yaliyogongwa kwa nyundo ya mti mpaka yakalainika. Jirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, huita nguo impuzu, na hilo ndilo jina la nguo ya magome tangu zamani. Kisha misafara ya kutoka pwani ikaleta merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, pamoja na kaniki, nguo ya buluu iliyokoza kukaribia weusi, iliyotoka Bara Hindi. Vitambaa hivyo vilipimwa kwa mkono na kuhesabiwa kwa shuka na doti: shuka mikono 4, doti mikono 8, yaani kama yadi 4 kwa kipimo cha Kiingereza. Katika soko la Ujiji chenji yake ilikuwa ushanga ulioitwa sofi. Aliyefika sokoni na doti alibadilisha kwanza apate ushanga, ndipo akanunua samaki na mawese.

Henry Stanley alipopita katika nchi ya Waha mwaka 1871, akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone, alidaiwa hongo ya nguo mara baada ya mara, makumi ya doti, mpaka akaona mali itamwishia njiani. Akaiacha njia kuu, akatoroka usiku kupitia porini. Yeye aliandika kwa hasira, kama aliyeporwa. Sisi watu wa hesabu tukiisoma habari hiyo twaona kitu kingine kabisa: twaona forodha. Wakubwa wa Buha walikuwa wakitoza ushuru wa kupita katika nchi yao, na fedha yao ilikuwa kitambaa. Mtu aliyejifunga doti mpya alikuwa amevaa hazina yake kiunoni, na kila aliyemwona aliweza kuihesabu.

Wajerumani walipokaa Ujiji katika miaka ya 1890, na baadaye kodi ilipoanza kudaiwa kwa fedha, doti ilianza kushindwa na rupia. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ikawaleta Wabelgiji mwaka 1916, wakaitawala nchi yetu mpaka 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Na mwaka uliofuata, 1922, ikatoka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa shilingi, nazo shilingi Kasulu na Kibondo zilikuwa adimu. Reli ilipita mbali nasi, zao kubwa la biashara hatukuwa nalo, na sehemu nyingi za nchi zilikuwa na malale. Basi wanaume wakaenda kuitafuta kodi mkongeni, Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Kuanzia 1944 chombo cha wenye mashamba ya mkonge, kilichoitwa SILABU, kilikuwa kikiandikisha na kusafirisha watu, na Buha ilikuwa moja ya visima vyake vikubwa.

Manamba alipojaliwa kurudi, alirudi na sanduku. Ndani yake mlikuwa na blanketi, kanga za mama, shati na suruali. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyeizoeza milima yetu suruali ndefu, wala si mwalimu wala karani. Aliingia kijijini Jumamosi amevaa, kila mtu akatoka kumtazama, na Jumatatu akaenda bomani kulipa kodi. Sasa tazama kichekesho cha historia: karani aliyemngoja mezani kuzihesabu shilingi zake, mara nyingi alikuwa amevaa kaptula.

Kaptula hiyo ina maelezo yake. Gavana Donald Cameron alianzisha utawala wa kupitia wenyeji, na sheria yake ikatoka mwaka 1926. Tawala za Wami zikawa na Hazina za Wenyeji, na hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya fedha huku kwetu kwa maana tunayoijua: sanduku la chuma, daftari, stakabadhi, kalamu na wino, na mtu wa kuvisimamia. Karani Mwislamu aliyetoka upande wa Ujiji alivaa kanzu na kofia, pengine na koti juu ya kanzu. Aliyetoka misheni alivaa kaptula ya kaki, shati la mikono mifupi, na soksi za kufika magotini. Kaki ilipendwa kwa kuwa haionyeshi vumbi upesi, na udongo mwekundu tunaujua wenyewe. Lakini palikuwa na jambo jingine lisiloandikwa. Mabwana Shauri wengi hawakupenda kumwona Mwafrika aliyesoma akivaa suti kamili. Walimwona mwigaji, mtu aliyejitenga na watu wake, asiyefaa kuaminiwa na raia wa Mwami. Hao hao ndio waliomkabidhi ufunguo wa sanduku!

Makarani walikuwa na jibu lao. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, na mwaka 1931 Kayamba huyo alikwenda London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Chama kile kilikuwa cha watu wa kalamu, na kwa watu wa kalamu shati safi lenye kola lilikuwa dai la heshima kabla ya kuwa pambo. Suruali ndefu ilikuwa sehemu ya dai hilo hilo. Mtu mzima mwenye mke na watoto, anayeandika kodi ya nchi nzima ya Mwami, hakuona kwa nini avae kama mtoto wa darasa la tatu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, suruali ndefu na koti viliingia ofisini bila kuombewa ruhusa. Mambo ya fedha nayo yakaenda mbio. Tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na shilingi yetu wenyewe ikatoka. Tarehe 5 Februari, 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kesho yake mabenki yakataifishwa, Barclays, Standard, National and Grindlays na mengineyo, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara chini ya Amon Nsekela. Wageni wengi waliokuwa wakuu wa matawi waliondoka. Vijana wetu waliokuwa makarani wadogo wakajikuta wamekalia viti vikubwa, na kwa kuwa waliohitajika walikuwa wengi, mwaka 1972 ulizaa Chuo cha Usimamizi wa Fedha pamoja na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Hapo likazuka swali ambalo Mkoloni hakuliacha katika makabrasha yake: meneja wa benki ya umma, katika nchi inayojenga Ujamaa, avae nini? Suti ya vipande vitatu na tai ilikuwa imekwisha kuingia katika picha za vikaragosi kama vazi la kupe na la naizesheni. Kaptula ilikuwa ya enzi za Bwana Shauri. Kanzu ilikuwa ya msikitini na ya harusini. Jibu lilitoka nje, lakini kwa marafiki. Chou En-lai alitutembelea mwaka 1965, na ile suti yake ya kola iliyofungwa mpaka shingoni ilipata jina lake hapa nchini. Mwalimu mwenyewe alikuwa akivaa suti za namna hiyo. Kutoka Zambia ikaja suti ya Kaunda, ya mikono mifupi, kola wazi, na mifuko ya kutosha kalamu, miwani na barua.

Watu huiandika suti ya Kaunda kama habari ya siasa. Ilikuwa hivyo, lakini kwa kijana aliyeanza kazi Kibondo ilikuwa kwanza kabisa habari ya uchumi. Suti ya Kizungu yataka shati ndani, na shati lataka tai, na koti lataka dobi anayejua kazi yake. Suti ya Kaunda ni nguo mbili tu. Hufuliwa nyumbani kwa sabuni ya mche, hupigwa pasi ya mkaa, na haina tai ya kuazima. Kijana mwenye suti za Kaunda mbili, moja ya kijivu na moja ya rangi ya udongo, alikuwa na wiki nzima, tena akiketi mbele ya Mkuu wa Wilaya wote wawili walifanana. Yangu ya kwanza ilishonwa Kasulu kwa kitambaa ambacho mama alikilipia kwa maharage. Fundi, aliyekuwa na cherehani yake barazani mwa duka, alikubali kungojea nusu ya ujira wake mpaka mwisho wa mwezi. Nimeandika hivyo makusudi, kwa sababu nitalirudia jambo la fundi kungojea.

Kitambaa kilichotamaniwa kilikuwa terelini na tetroni. Tulikuwa na viwanda vyetu: Urafiki cha Dar es Salaam na Mwatex cha Mwanza vilianza kazi mwaka 1968, na khanga, vitenge na shuka zao zilivisha nchi. Lakini mtu wa ofisini alipenda terelini kwa sababu moja: mstari wake haufi. Ukiipiga pasi Jumapili jioni, Ijumaa mstari bado umesimama. Kwa anayeishi chumba kimoja na kuteka maji mtoni, hilo si jambo dogo.

Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa macho. Operesheni Vijana ilitangazwa Oktoba 1968, ikaanza kazi Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawaonya viongozi wasiwe na makuu wala majivuno. Miaka ya 1970 ilipoendelea, suruali za kubana zikapishwa na bugaluu, pamoja na viatu vya raizoni vilivyomwinua mtu kama amepanda tofali. Karani aliyevaa bugaluu alifagia sakafu ya ofisi bila kulipwa posho. Sikupata kumwona aliyeingia nayo dirishani kuhesabu fedha za watu, nami nadhani wazee waliopanga foleni wasingemwachia akiba zao.

Nayapita upesi mabadiliko ya ofisi zenyewe. Mwaka 1972 Madaraka Mikoani yalifuta halmashauri, na Operesheni ya vijiji ikaanza mkoani Kigoma. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Halmashauri zikarudi mwaka 1984. Wahasibu wa wilaya walibadilishiwa mwajiri bila kubadilisha kiti, na bila kubadilisha suruali.

Maana suruali zilikuwa zimekwisha. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, bei ya mafuta duniani ikapanda, fedha za kigeni zikatukauka, viwanda vya nguo vikakosa vipuri na madawa ya rangi. Kitambaa kikawa cha kugawiwa. Kilifika kwa shirika la biashara la mkoa, kikagawiwa kwa kibali na kwa foleni, na Kibondo ikiwa mwisho wa barabara ilipata kilichosalia. Kilichobaki kilipita kwa magendo upande wa Manyovu na ziwani. Miaka hiyo ndiyo ilimtoa fundi wa barazani kuwa mtu mkubwa. Alijua kugeuza kola: huifumua kola iliyoliwa mkunjoni, akaleta upande wa ndani nje, akaishona mahali pake, na shati likapata uhai mwingine wa miaka miwili. Alijua kukitia kiraka kitako cha suruali kilichochoshwa na viti vya mbao, kwa kitambaa alichokikata kwenye upindo wa miguu ya suruali hiyo hiyo, rangi ileile, mtu asijue. Suti iliyokufa kabisa ya baba ilizaa kaptula ya mtoto.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wenye shehena za bidhaa majumbani walikuwa na la kujibu, na wengine walizitupa usiku. Hapo daftari lile la nguo likasomwa tena kwa sauti. Katika miaka mingine karani aliyechakaa alitiliwa mashaka. Mwaka huo aliyetiliwa mashaka ni yule aliyeng'ara. Mhasibu aliyefika kazini na shati jipya Jumatatu, na jingine jipya Jumatano, aliulizwa kwa macho, na pengine kwa maneno. Kola iliyogeuzwa ilikuwa cheti cha tabia njema. Nimewajua watu wenye shati zima kabatini ambao walilivaa lililogeuzwa kwa hiari yao.

Bajeti ya Juni 1984 ikafungua mlango: mwenye fedha zake nje aliruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akashika Urais, na mitumba, ambayo zamani ilikuwa ya kupigwa marufuku, ikatandazwa magulioni. Watu waliiita kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe amekufa, maana mtu mzima na akili zake awezaje kutoa koti zima namna hii? Ukweli hauna maiti. Watu wa Ulaya na Marekani hutoa nguo kwa vyama vya hisani, nyingi kuliko zinavyoweza kugawiwa huko. Zinauzwa kwa wafanyabiashara, zinachambuliwa, zinakandamizwa katika marobota ya kilo 45 hivi, zinapanda meli. Hivyo ndivyo suti ya sufu iliyokatwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya ilivyofika Kasulu kwa bei ya kuku. Fundi wetu naye akageuka: zamani alishona, sasa akawa mtu wa kupunguza kiuno na kukata miguu.

Wakati huo huo jambo zito lilitufikia kutoka ng'ambo ya mpaka. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa maelfu mengi wakamiminika Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 wakaja wa Zaire, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mashirika ya misaada yakafuata, yakihitaji watunza fedha, wahasibu na watu wa malipo, na wengi wa wenzetu walipata huko kazi yao ya kwanza. Vazi la fedha likabadilika tena. Mhasibu wa kambini alivaa fulana yenye nembo, suruali ya mifuko ya pajani, na viatu vya kupanda gari la juu. Alilipa mishahara ya watu mia kadhaa akiwa hana hata kola. Waliozoea miaka ya kola iliyogeuzwa walimtazama kwa shaka, lakini nembo ile kifuani ilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kaki ya Serikali.

Tai ilirudi na benki za biashara huria. CRDB iliingia mikononi mwa wenye hisa mwaka 1996. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, NMB ikazaliwa na kurithi matawi mengi ya wilayani. Benki zilizoanza kushindana zilitaka watu wao wapendeze. Serikali nayo ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007, ukieleza kinachofaa na kisichofaa ofisini. Kisha, mwaka 2008, ikaja M-Pesa, na wakala chini ya mwavuli, mwenye kizibao cha kampuni na kandambili miguuni, akaanza kushika fedha za watu bila kuulizwa habari za tai. Ujumbe wa simu ukifika, watu wanaridhika. Nalitaja hilo ili kijana ajue kwamba suti haijawahi kuwa sheria ya maumbile. Hata mitumba si ya milele: mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ikanung'unika na kutishia soko, na nchi nyingi zikalegeza msimamo, Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi yake huko.

Sasa nimjibu kijana wetu, na nimjibu kwa habari ya fundi aliyengojea. Hatari ya nguo za kazi ya fedha haimo katika rangi wala mtindo. Imo katika deni la mwezi wa kwanza. Mtu mwingine akianza kazi na deni la nguo, anadaiwa tu. Mtunza fedha akianza na deni, anadaiwa huku fedha za watu zimo mkononi mwake kutwa nzima, na mwenye duka anapita dirishani kumsalimu kwa jina. Shoti ya kwanza nyingi nilizozikagua katika miaka yangu ya kazi zilikuwa ndogo, za tarehe za katikati ya mwezi, na mwenyewe alikusudia kurudisha. Mama aliyelipia kitambaa kwa maharage, na fundi aliyengojea kwa kuwa alimjua mama, walinikinga na jambo hilo. Mikopo ya leo ya simu haimjui mama wa mtu.

Basi, kwa mshahara ambao bado hujaupokea, usinunue suti. Tafuta suruali mbili za rangi zisizoonyesha vumbi, nyeusi ikiwa ya mwisho kwa sababu vumbi letu jekundu huonekana juu yake kutoka ng'ambo ya barabara. Mashati matatu, meupe au ya buluu hafifu, ya mikono mirefu, kwa maana asubuhi za Juni na Julai hapa milimani zina baridi. Kiatu kimoja cha ngozi cheusi chenye soli inayoweza kubandikwa, na kingine cha matope cha kuvulia mlangoni miezi ya mvua. Mkanda unaofanana na kiatu. Tai moja, iwekwe ofisini. Binti zetu, ambao sasa nawaona wengi madirishani, wananiambia kitenge kizuri kilichoshonwa kwa heshima hutosha pale ambapo kaka zao wanahangaika na koti, nami nawaonea wivu.

Mashati yapate gulioni, siku robota linapofunguliwa, asubuhi. Chunguza kola na kwapa kwenye mwanga wa jua, achana na kifua, kifua hakiharibiki. Suruali afadhali ushone. Mtafute fundi anayejua bado kugeuza kola. Wapo Kasulu na wapo Kibondo, wengi wao wazee, nao hufurahi wakiulizwa. Mwambie akuachie upindo wa vidole vinne ndani ya kila mguu, kwa ajili ya kitako, na vipande vitakavyobaki uende navyo nyumbani.